Sifuri Kumi na Tisa za Moloimet

Ijumaa, 6 Juni 1997

Tumefunga shule saa tano. Kabla hawajatawanyika nimewagawia kidato cha nne maharage kumi kumi, yale mekundu ya mashamba ya Ganako, niliyoyachagua mwenyewe juu ya ungo hadi macho yakauma. Wanafunzi thelathini na tatu, maharage mia tatu na thelathini. Kila mmoja atapanda kwenye kopo la udongo, ataliweka nje penye mwanga, atamwagilia, na kila asubuhi saa moja atapima urefu wa shina kwa rula na kuandika. Siku ishirini na moja. Jedwali nimelichora ubaoni, wamelinakili.

Mwaka jana darasa langu lilipata F ishirini na mbili za Biolojia. Walikuwa wanaziimba maana za maneno kama kwaya, lakini ukimpa mtu rula na mmea anakutazama kama umempa nyoka. Tangu nitoke kwenye ile semina ya walimu wa sayansi kule Arusha nimeapa: mwaka huu ni kuhesabu na kupima. Maabara hatuna, lakini rula haihitaji maabara.

Nimewaambia neno la mwisho: "Sitaki hadithi, nataka namba. Na atakayeniletea sifuri asije kunieleza kitu."

Wamecheka. Na mimi nimecheka.

Jumamosi, 7 Juni

Baridi. Ukungu hadi saa nne. Kesho nakwenda Machame kwa mama.

Jumatatu, 7 Julai

Nimerudi Karatu na mafua na mkungu wa ndizi. Wanafunzi nao wanarudi. Vumbi la barabara limewafanya wote wawe na rangi moja. Daftari zimeanza kuja mezani kwangu.

Jumatano, 9 Julai

Nimesahihisha tangu saa nane mchana. Nina furaha ambayo sijaipata tangu niajiriwe. Daftari thelathini zina majedwali yaliyojaa, yenye mistari iliyonyooka, namba zinapanda vizuri siku hadi siku: nukta tano, moja nukta mbili, mbili nukta sita. Herbert, kiranja wa darasa, ameandika kwa wino wa rangi mbili. Nimempa ishirini juu ya ishirini. Wawili hawakufanya kabisa, wamekiri, nimewapa adhabu ya kufyeka.

Limebaki daftari moja, la Moloimet.

Huyu kijana ana miaka ishirini na moja, anakaa nyuma kabisa kwa sababu ya urefu. Kwao ni Nainokanoka, huko juu ndani ya hifadhi. Alichunga kwanza, shule akaianza akiwa mkubwa. Mwezi wa pili aliniambia anataka chuo cha mifugo, kwa sababu kijijini kwao bwana mifugo hafiki na ndama wanakwisha kwa ndigana, homa ya kupe. Chuo kinataka afaulu Biolojia. Nilimwahidi tutafaulu wote.

Sasa ameniletea nini? Siku ya kwanza, sifuri. Ya pili, sifuri. Sifuri kumi na tisa, moja chini ya nyingine. Siku ya ishirini: "Mbegu moja, sm 0.3." Siku ya ishirini na moja: "Mche umeungua kwa baridi. Sifuri." Na pembeni ya siku ya nane ameandika eti maji yaliganda ndani ya kopo.

Angalau angejitahidi kudanganya vizuri.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemsimamisha kipindi cha tatu.

"Moloimet, wasomee wenzako matokeo yako."

Akasoma. Ana sauti nzito, haina haraka. "Siku ya kwanza, sifuri. Siku ya pili, sifuri." Nilimwacha aendelee. Kufika siku ya saba darasa lilikuwa limeanza kucheka, na kufika ya kumi na mbili hata mimi nilikuwa nabana midomo. Alisoma zote bila kuruka hata moja.

"Na hapo pembeni, siku ya nane?"

"Maji yameganda ndani ya kopo. Nimevunja kwa kidole."

"Yameganda."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mimi nimezaliwa Machame," nikamwambia. "Utoto wangu wote nimeamka nikiitazama barafu juu ya Kibo. Barafu naijua inakokaa. Leo unaniambia imeshuka ikaingia kwenye kopo lako?"

Darasa likapasuka. Yeye akasubiri kelele ziishe.

"Iliingia, mwalimu."

"Sema kweli tu, yaishe. Ulikuwa unachunga, ukalisahau kopo, siku ya mwisho ukajaza sifuri."

"Hapana."

"Maharage ya wenzako thelathini yameota. Ya kwako yana nini?"

"Ya wenzangu sijui. Mimi niliandika nilichoona."

Hayo ni maneno yangu. Nimewafundisha tangu Januari: andika ulichoona, si unachotaka kuona. Lakini yalipotoka kinywani mwake, mbele ya darasa linalocheka, niliyasikia kama jeuri. Nikamchukua hadi kwa Mwalimu Melkizedek, mwalimu wa nidhamu. Kwenye kitabu cha adhabu tukaandika "udanganyifu", viboko vinne. Mkuu wa shule akatia sahihi bila kuinua kichwa.

Saa nane kasoro alinifuata mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Mwalimu, naomba unipige wewe. Humu ndani. Hata kumi. Lakini siyo kule mstarini, mbele ya watoto."

"Watoto gani?"

"Wale wa kidato cha kwanza. Mimi nimeshatahiriwa, mwalimu. Wale bado."

Nikamjibu: "Hapa hakuna morani. Hapa kuna wanafunzi tu." Nikajiona nimesema jambo la maana sana. Mwalimu Melkizedek alitingisha kichwa kukubali, akachukua fimbo yake.

Mstarini aliambiwa alale chini. Hakulala. Hakubisha pia, alisimama tu, mikono pembeni, akitazama mbele. Mwalimu Melkizedek alinitazama, nami nikamwambia ampige hivyo hivyo. Vinne vikapigwa. Hakupepesa jicho. Wapo watoto wawili wa kidato cha kwanza wanaotoka kwao. Niliwaona wakigeuza nyuso zao ukutani, na sikuelewa kwa nini.

Baada ya hapo alikwenda bwenini. Mwalimu wa zamu anasema alitoka getini na blanketi begani, sanduku ameliacha.

Ijumaa, 11 Julai

Hajarudi. Mwalimu Melkizedek anasema njaa itamrudisha.

Jumatatu, 14 Julai

Hajarudi. Baridi. Ukungu.

Jumanne, 22 Julai

Tumetafuta wastani wa darasa na kuchora grafu kubwa kwenye karatasi ya manila. Anitha ndiye aliyechora mstari kwa wino mwekundu. Unapanda vizuri hadi siku ya kumi na mbili, halafu siku ya kumi na tatu unashuka ghafla, kisha unapanda tena. Mmoja akauliza kwa nini. Nikawaeleza kwamba bila shaka siku ile kulikuwa na baridi kali, mimea ikanywea. Nikawapa hata mfano wa nguo iliyofuliwa inavyofupika ikikauka. Wakaandika kwenye daftari zao.

Mkuu wa shule amependa sana. Grafu imebandikwa ukutani, karibu na mlango, ili mgeni aione kwanza.

Jumatano, 23 Julai

Sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika nitajifanya nimesahau.

Leo Anitha alibaki darasani baada ya kipindi. Ni binti wa hapa hapa mjini, mama yake anauza vitenge kwa watalii. Aliizunguka meza yangu kama mara tatu.

"Mwalimu, ile baridi ya siku ya kumi na tatu."

"Enhe."

"Tulipanda siku tofauti. Wengine tarehe saba, wengine kumi, wengine kumi na tano. Siku ya kumi na tatu ya kila mtu haikuwa siku moja."

Nikabaki nimeshika chaki. Hilo ni jambo ambalo mwanafunzi wa darasa la tano angeliona, na mimi nimelifundishia somo zima.

"Basi kwa nini kwa wote imeshuka?" nikauliza.

Akaanza kulia. Alitoa kwenye mkoba wake kitabu cha zamani cha Biolojia, kile kisicho na jalada, cha kwenye kabati la maktaba. Ukurasa umekunjwa. Jedwali la ukuaji wa mche wa haragwe, siku ishirini na moja. Siku ya kumi na mbili, 8.4. Siku ya kumi na tatu, 6.1. Siku ya kumi na nne, 9.8. Mpiga chapa aliigeuza tisa ikawa sita, ndivyo ninavyodhani. Ilipaswa kuwa 9.1. Watoto wangu waliongeza nukta mbili hapa, wakapunguza nukta tatu pale, ili nisijue, lakini lile shimo la siku ya kumi na tatu wote walilibeba wakaniletea. Nami nikalipa maksi.

"Wote?" nikamuuliza.

"Mimi nilipanda kweli, mwalimu. Yaliota manne. Halafu mbuzi wa jirani akala. Ulisema ukiletewa sifuri hutaki kuelezwa."

Nilimwambia aende. Nikazitoa daftari zote na kuanza kuzipekua moja moja. Daftari thelathini, na mmea unarudi ndani ya ardhi sentimita mbili katika kila moja. Moja tu halina kosa hilo, na ndilo nililolisomesha kwa sauti ili lichekwe.

Na mimi mwenyewe sikupanda hata haragwe moja. Nilikuwa Machame nakula ndizi.

Alhamisi, 24 Julai

Nimewaambia darasani kwamba najua. Nimewaambia pia kwamba Moloimet alisema kweli. Hakuna aliyeinua uso ila Herbert.

"Mwalimu, tungekuletea tulichoona, ungetupa sifuri wote."

Nilitaka kukasirika, nikakosa hata hasira. Kengele ilipogonga walitoka kimya kama wanatoka msibani.

Nilimfuata Mwalimu Melkizedek, nikamweleza yote. Alikuwa anapaka kiwi kiatu chake. Alisikiliza, akapaka hadi kikang'aa.

"Mwalimu Ndeshi," akasema, "mimi nawapiga ninaoletewa. Ulimleta wewe."

Ni kweli, na alilisema bila ubaya wowote.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda Nainokanoka.

Miaka mitatu nipo Karatu na sijawahi kupita lile geti la hifadhi. Nilipata nafasi kwenye lori la mahindi ya msaada, kwa sababu mwaka huu wa ukame huko juu wanapelekewa chakula. Tulipandisha msituni kwenye ukungu mzito, dereva akitoa kichwa nje kuitafuta barabara. Juu kwenye ukingo wa kreta nilifumba mdomo ili meno yasigongane. Nilikuwa nimevaa sweta moja, na kanga niliyojifunga kichwani ikaloa kama nimetoka kufua.

Tulifika saa nne. Upande wa kivuli wa duka moja nyasi zilikuwa nyeupe bado. Niliinama nikazigusa. Ilikuwa barafu, saa nne asubuhi. Dereva aliniona, akacheka: "Mwalimu, hii unashangaa? Ungekuja mwezi wa sita."

Boma la kina Moloimet ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Nareyu, dada yake mdogo aliyemaliza darasa la saba, alinipeleka na ndiye aliyekuwa mkalimani wangu. Mama yao, Nanyokie, alikuwa anakandika samadi ukutani. Alinawa mikono, akanisalimia "takwenya", nikaitikia vibaya, wakacheka kidogo wote wawili. Alinipa maziwa kwenye kibuyu. Sikustahili, lakini nilikunywa.

Moloimet hayupo. Alikaa siku mbili tu, kisha akashuka Arusha kutafuta kazi ya ulinzi. Hakumwambia mama yake kilichotokea. Habari zilimfikia kwa watu wengine.

Nanyokie aliuliza kitu, Nareyu akasita kabla ya kutafsiri.

"Mama anauliza, ulimpiga kwa ajili ya nini?"

"Mwambie, kwa ajili ya maharage."

Wakazungumza. "Anauliza, maharage ya nani? Aliiba?"

"Hapana. Hakuiba. Ni kwamba hayakuota."

Nareyu alinitazama kwanza kuona kama namtania, ndipo akatafsiri. Yule mama alifuta kibuyu kwa kiganja. Aliposema, alisema taratibu, na Nareyu akanifuata neno kwa neno.

"Anasema huku juu maharage hayaoti wakati huu. Anasema hata mtoto mdogo anajua. Moloimet naye alijua. Anasema alimwambia, lete hilo kopo ndani, weka karibu na moto, yataota. Moloimet akakataa. Akasema, mwalimu amesema nje."

Ningeomba anitukane. Ningeomba anifukuze kwa fimbo. Badala yake alinionyesha mahali kopo lilipokuwa, juu ya jiwe nje ya mlango, mahali peupe kabisa ambapo upepo unapiga pande zote. Kila asubuhi, anasema, mwanawe alitoka gizani akasubiri kupambazuke, akapima udongo mtupu kwa rula, akaandika. Mama alimwuliza anaandika nini kama hakuna kitu. Akamjibu kwamba ndiyo anaandika hivyo, kwamba hakuna kitu.

Niliomba msamaha. Nareyu alitafsiri. Nanyokie akasema kitu kifupi.

"Anasema, mimi siyo niliyepigwa."

Nilirudi na lori lile lile. Dereva alijaribu kunizungumzisha, akachoka.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemwomba mkuu wa shule kitabu cha adhabu kisahihishwe na tuiondoe ile grafu ukutani. Amesema kitabu cha adhabu ni kumbukumbu ya serikali, hakifutwi. Kuhusu grafu, wageni wa semina wanakuja Septemba kuona majaribio ya vipimo. "Iache hadi waondoke. Ni mstari tu, mwalimu. Nani ataangalia siku ya kumi na tatu?"

Nimeiacha.

Jumamosi, 16 Agosti

Baridi. Hakuna habari. Nimemtumia Moloimet barua tatu kupitia madereva watatu.

Alhamisi, 28 Agosti

Mmoja wa wale watoto wawili wa kidato cha kwanza, Metui, ameniletea jibu kwa mdomo. Moloimet analinda yadi ya mbao upande wa Ngarenaro. Nilimwuliza kwa nini siku ile aligeuza uso. Akasema, "Mwalimu, ningetazama, na mimi ningekuwa nimemkosea." Ana miaka kumi na minne na anajua alichokuwa anakifanya. Mimi nina thelathini na sita.

Jumatano, 10 Septemba

Wageni wamekuja, watatu. Wamesimama mbele ya grafu. Mmoja ameuliza kuhusu siku ya kumi na tatu. Mkuu wa shule alinitazama. Nikafungua mdomo na nikasikia sauti yangu inasema, "Kulikuwa na baridi kali." Akaandika. Akasema ni mfano mzuri wa mazingira yanavyoathiri ukuaji.

Anitha alikuwa dawati la mbele. Sikumtazama.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwona.

Basi lilinishusha Arusha saa tano. Yadi niliipata kwa kuuliza. Alikuwa amekaa kwenye gogo nje ya geti, shuka nyekundu, rungu magotini, viatu vya matairi. Aliponiona alisimama. Vijana wa kwao huinamisha kichwa ili mtu mzima awaguse utosini, na shuleni alikuwa ananisalimia hivyo kila Jumatatu. Leo alinipa mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Moloimet, nimekuja kukuomba msamaha."

"Ndiyo."

"Namba zako zilikuwa za kweli. Nimefika Nainokanoka, nimeishika barafu kwa mkono huu."

"Mama aliniletea habari kwamba ulifika."

"Zile za wenzako zilitoka kwenye kitabu."

"Najua."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Unajua tangu lini?"

"Tangu tulipofungua shule. Herbert alinipa kile kitabu bwenini. Aliona sifuri zangu, akanihurumia. Akasema nakili, badilisha kidogo kidogo. Nikamwambia hapana, mwalimu atajua."

Lori la mbao likataka kuingia. Alifungua geti, akaandika namba ya gari kwenye daftari dogo, akafunga, akarudi aliposimama. Mwandiko ni ule ule.

"Rudi," nikamwambia. "Mtihani ni Novemba. Jina lako lipo, namba yako ipo. Nitakufundisha mwenyewe kila jioni. Nitasimama mstarini niwaambie shule nzima kwamba nilikosea."

Alifikiri kwa heshima kabisa. Ndivyo alivyo.

"Ukiwaambia, watajua umekosea wewe. Lakini mimi nitakuwa bado nimepigwa. Kule nyumbani rika langu limesikia. Wanasema mmoja wao alisimama akachapwa mbele ya watoto kama punda. Nikirudi kukaa pale pale, na watoto wale wale, nitakuwa nimesema ni sawa. Na siyo mimi peke yangu, nitakuwa nimewasemea wote."

"Na chuo cha mifugo?"

Akatazama mbao zilizopangwa.

"Ndama watatibiwa na mtu mwingine."

"Nani?"

Sote wawili tulijua kwamba hakuna. Nilisimama pale nikiona watoto wa ng'ombe wa kijiji kizima wakilala chini mmoja mmoja kwa miaka kumi ijayo, na hakuna atakayeandika kwamba ni mimi.

"Ulikuwa na hasira nami?" nikauliza, swali la kijinga.

"Siku ya kwanza. Baadaye niliona siyo wewe. Niliona labda hiyo sayansi yenyewe ni ya mahali ambapo maharage yanaota." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetoa matokeo. "Rudi, mwalimu, utakosa basi."

Nililia kutoka Arusha hadi Makuyuni. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alinipa kitambaa, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia mwanafunzi wangu. Akanipa pole ya msiba, nikaipokea.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefundisha vipindi vinne. Sikumbuki nilifundisha nini.

Jumatano, 1 Oktoba

Wingu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua imeanza, na siyo ile ya vuli tunayoijua. Watu wa Ganako walifurahi siku mbili, sasa wanaogopa.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Kanisani Judith, mwalimu wa Kiswahili, alikaa karibu nami akaniambia nimekonda na nisijitese, kila mwalimu ana mtoto mmoja aliyempoteza. Alitaka kunifariji. Nilitamani kumwuliza wa kwake alimpotezaje, nikaogopa kwamba atanieleza.

Jumamosi, 1 Novemba

Mvua. Lori la mahindi limekwama chini ya msitu siku ya sita. Metui anasema kwao kumi wamekufa, ndama, kupe wamezidi. Aliniambia kwa sababu nilimwuliza. Sasa namwuliza kila siku, sijui kwa nini, kana kwamba nikijua idadi itanisaidia.

Jumatatu, 10 Novemba

Leo ulikuwa mtihani wa vitendo wa Biolojia. Mwalimu wa somo haruhusiwi kuingia, kwa hiyo nilikaa ofisini nikisikiliza mvua juu ya bati. Waliingia thelathini na wawili. Walitoka wakicheka. Herbert alinipungia mkono, Anitha alipita akitazama chini. Nadhani watafaulu. Nimewafundisha kupima vizuri tangu Agosti, na sasa wanapima kweli, kila mmoja kwa rula yake, hata wananiletea sifuri bila woga. Ni darasa bora kuliko yote niliyopata.

Saa tisa mkuu wa shule aliniita. Mwalimu Melkizedek alikuwepo. Mezani palikuwa na fomu ya shule ya mtahiniwa asiyefika, inayojazwa na mwalimu wa somo. Jina, Moloimet. Somo, Biolojia. Halafu mstari mmoja mrefu mtupu: sababu.

"Kabla hujaandika," mkuu akasema, "nikupe habari njema. Wale wageni wa Septemba wamekupendekeza. Januari unakwenda Arusha kuwa mkufunzi. Utawafundisha walimu wenzako majaribio ya vipimo."

Nikasema, "Nataka kuandika kilichotokea."

"Andika," akasema. Hakunikataza, nataka nilikumbuke hilo. "Ila ukiandika viboko, watauliza viboko vya nini. Ukisema maharage, watauliza matokeo ya wengine yako wapi. Yapo ukutani, na wageni wameyapeleka Arusha na jina lako juu yake. Na watoto thelathini waliotoka sasa hivi kwenye chumba cha mtihani watakuwa darasa la udanganyifu. Huyu mmoja hatarudi, umesema mwenyewe."

Nilimgeukia Mwalimu Melkizedek. Alikuwa anatazama nje, kwenye uwanja wa mstarini uliokuwa umejaa maji.

"Andika utoro, Ndeshi," akasema. Hajawahi kuniita hivyo bila "mwalimu" mbele yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Ndivyo tunavyoandika."

Nilikaa na ile kalamu muda ambao sikuupima. Nilimfikiria amesimama nje ya mlango wa mama yake na rula mkononi, na udongo mtupu, na mtu mzima akimwambia kuna njia rahisi, lete ndani, weka karibu na moto.

Nimeandika: utoro. Chini yake fomu inauliza tangu lini. Nimeandika tarehe kumi Julai, nikatia sahihi, na mkuu wa shule akaniambia ahsante sana, mwalimu.